Usinyamaze Kwenye Usaili: Barua Zenu Kuhusu Kazi za Makampuni Makubwa ya Teknolojia

Mwezi huu barua zenu nimezisoma mpaka usiku na karibu zote zinazunguka jambo moja tu, kazi ya uhandisi wa programu kwenye makampuni kama Google, Microsoft, Amazon na Meta (wenye Facebook). Naelewa kwa nini. Zamani ukisikia majina hayo unajua ni habari za California huko, ila mwaka 2019 Microsoft walitangaza kituo cha uhandisi Nairobi na Lagos, mwaka 2022 Google nao wakatangaza cha kwao hapo hapo Nairobi, sasa mtu wa Arusha anaona kumbe hata kwa basi naweza kufika mlangoni kwao. Mimi niko London, huu mwaka wa saba niko ndani ya kampuni moja ya namna hiyo, nimekaa kwenye kiti cha kusailiwa na siku hizi nakaa kwenye kiti cha kusaili karibu kila wiki, kwa hiyo najibu nilichokiona.

Dada habari za huko. Mi nina miaka 26, nilimaliza digrii ya sayansi ya kompyuta miaka mitatu iliyopita na nipo kwenye kampuni ndogo, tunaunganisha maduka na malipo ya simu. Mwaka jana nilipata usaili wa kampuni kubwa nikafeli, yaani swali nililielewa kabisa na jibu nilikuwa nalo kichwani lakini nikakaa kimya kama dakika ishirini nafikiria, nakuja kuandika muda umeisha. Sasa rikruta (mtu wa kutafuta waajiriwa) wa kampuni nyingine kaniandikia, usaili ni wiki sita zijazo. Nijiandaeje? – K., Morogoro

Kaka K., pole sana kwa lile la mwaka jana, na naomba nianzie hapo hapo kwenye hizo dakika ishirini kwa sababu ndo penye jibu lote. Ngoja nikueleze upande wa pili wa meza kunakuwaje. Msaili wako amefungua ukurasa wa kuandikia na muda wote mnaoongea yeye anachapa, kauliza nini kabla ya kuanza, kaja na njia gani kwanza, kosa lake kaliona mwenyewe au mpaka nimemwonyesha, nilipomdokezea alisikiliza au aling'ang'ania ya kwake. Google kwa mfano, huyo unayeongea naye hana mamlaka ya kukuajiri, anaandika ripoti tu, na ripoti za wasaili wote zinakusanywa zinapelekwa kwenye kamati ya watu ambao hawajawahi kuona sura yako wala kusikia sauti yako. Sasa piga picha watu wa namna hiyo wanasoma ripoti yako ya mwaka jana. Alikaa kimya, akaanza kuandika, muda ukaisha. Basi. Ile akili yote uliyokuwa nayo kichwani haipo kwenye karatasi, na wao wanahukumu karatasi.

Na wala sikulaumu, tumelelewa hivo. Mkubwa akikuuliza unatulia, unafikiri, ukifungua mdomo utoe jibu moja lililoiva, anayewaza kwa sauti mbele ya watu wazima anaambiwa anaropoka. Tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na nyumbani ni kweli, ila ndani ya dakika 45 za usaili kimya hakina mshindo wowote, ni kimya tu. Inabidi ujifunze kufikiri kwa mdomo, na nikwambie kitu, hiyo ni ufundi kama ufundi mwingine, inafundishika.

Tuchukue swali moja la kawaida kabisa. Una orodha ya bei za bidhaa, 700, 1200, 300, 2500 na 1800, na mfukoni una 3000, tafuta bidhaa mbili ambazo bei zake zikijumlishwa zinamaliza hela yako kamili. Mtu wa kimya anaziona 1200 na 1800 fasta, afu anazama kichwani kutafuta namna ya kuiandika. Mtu ninayemtaka anaanza kuniuliza. Je bidhaa moja naweza kuinunua mara mbili, maana kukiwa na ya 1500 moja tu, 1500 na 1500 zinafika 3000 ila sidhani kama unataka niihesabu? Na kama hakuna jozi inayofika nirudishe nini? Orodha yenyewe inaweza kuwa na vitu vingapi? Hapo hajaandika hata herufi moja na mimi nishapata mistari mitatu mizuri ya kuweka kwenye ripoti.

Halafu anaendelea, "Njia ya kwanza inayonijia ni kuchukua kila bei niijaribu na zote zilizobaki, itafanya kazi, ila vitu vikiwa 10,000 jozi zinakaribia milioni 50, itakuwa nzito. Naona bora nipite kwenye orodha mara moja tu, kila bei ninayoifikia naitoa kwenye 3000 naangalia kilichobaki kama nishakiona huko nyuma, na nilizoziona nakuwa naziweka kwenye hashimapu, yaani jedwali la kutafutia kitu papo hapo. Nikifika 1800 inabaki 1200, na 1200 nilishaipita, nimemaliza. Hii inakula memori zaidi ila naona ni sawa." Umeona? Njia mbaya kaitaja waziwazi bila aibu, kasema kwa nini ni mbaya, kaja na nzuri, kasema na gharama yake. Wewe hiyo njia mbaya ungeificha ukisubiri nzuri ije, na huko kusubiri ndo kulikokumaliza.

Sasa wiki sita. Tafuta maswali ya bure kwenye LeetCode, tovuti ya mazoezi ya programu, mawili kwa siku yanatosha kwa mtu mwenye kazi, ila kila swali weka saa dakika 40 na uongee tangu mwanzo mpaka mwisho hata kama uko peke yako chumbani, jirekodi kwa simu afu ujisikilize, utajisikia vibaya siku mbili tatu za mwanzo, vumilia. Wiki mbili za kwanza jieleze kwa Kiswahili kabisa. Watu wananishangaa nikisema hivi lakini mtu asiyezoea kuwaza kwa sauti, ukimwambia na lugha ya pili juu yake unakuwa umembebesha mizigo miwili kwa mpigo, tua mmoja kwanza. Wiki ya tatu hamia Kiingereza, na kuanzia hapo tafuta rafiki awe anakusaili kwa vidio mara mbili kwa wiki, hata asiyejua programu anafaa, mwambie kazi yake ni moja tu, ukinyamaza zaidi ya sekunde thelathini akuulize "unawaza nini?"

Mada za kushika kwanza ni arei (orodha za vitu) na maandishi, hashimapu, kutafuta kwa kukata nusu (jua kwa nini kwenye vitu milioni moja vilivyopangwa unafika ndani ya hatua kama 20, wanapenda kuuliza), miti na grafu (data iliyopangwa kwa matawi na kwa mitandao) na rikashoni (programu inayojiita yenyewe). Zile za dainamiki programingi (kuvunja tatizo vipande na kukumbuka majibu ya kila kipande) ziache mwisho kabisa, zinatisha watu bure wanaacha mambo ya msingi. Zoea pia kuandika kwenye ukurasa mtupu usioendesha programu wala kukuwekea rangi, maana wengi wanakupa ukurasa wa hivyo, na ukimaliza pitisha mfano mmoja kwa mkono mstari kwa mstari ukisema kila namba inabadilika kuwa nini. Vile vitendawili vya mipira mingapi inajaa kwenye basi la shule usipoteze muda navyo. Laszlo Bock aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi Google alishasema mwaka 2013 kwamba vilikuwa kupoteza muda tu.

Na umeme na bando. Mwambie rikruta mapema kwamba unapoishi umeme unaweza kukatika, chaji laptopu, weka simu yenye bando pembeni kama akiba, akishajua kabla hakuna atakayekuhukumu ukipotea dakika tatu.

Ukifeli tena, na inaweza kutokea, makampuni mengi yanakuruhusu kurudi baada ya miezi kadhaa au mwaka. Mwaka 2015 Max Howell, mtu aliyetengeneza Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine ambayo wahandisi wengi mno wenye Mac wanaitumia, aliandika hadharani kwamba Google wamemkataa kwa sababu alishindwa kugeuza mti wa baineri (data iliyopangwa kwa matawi mawili mawili) ubaoni. Kukataliwa kule hakukumpunguzia ufundi wake hata kidogo. Usaili unapima usaili.

Hujambo dadangu, mimi niko Mombasa, nina miaka 33, sina digrii. Nilijifunza mwenyewe, nikafanya diploma, na sasa ni mwaka wa sita natengeneza tovuti na apu za watu. Ati hizi kampuni kubwa bila digrii hawakuangalii hata? – Mwanamke wa Likoni

Wanakuangalia dadangu. Matangazo ya kazi ya Google yenyewe yanaandika digrii au uzoefu wa kazi unaolingana nayo, na mimi nakaa na watu wasio na digrii kwenye timu moja. Miaka 33 siyo chochote.

Penye tatizo ni viza siyo kampuni, na hili watu hawaambiwi. Viza ya kazi ya H-1B ya Marekani inataka digrii au kitu kinacholingana nayo, na katika kulinganisha, miaka mitatu ya kazi inahesabiwa kama mwaka mmoja wa chuo, maana yake asiye na chuo kabisa anatafutiwa miaka 12 ya kazi. Kwa hiyo wewe anza na ofisi za Nairobi ambapo hauhitaji viza ya mtu. Na kwenye CV yako toa yale maelezo ya "napenda teknolojia na ni mchapakazi", weka apu moja uliyoitengeneza, inatumiwa na watu wangapi, ilikuwa na shida gani ngumu na uliitatua vipi.

Niaje sista. Nilifanya usaili wa Amazon mwaka huu, maswali ya kuandika programu nilipita fiti, halafu feedbaki ikakuja kwa rikruta ati "haikuonekana wazi mchango wake ni upi". Na mimi ndio nilifanya hiyo kazi yote! Nilielezea vile tulikuwa na ripoti inachukua muda mrefu kufunguka na tukairekebisha. Sasa walitaka niseme nini? – Dev wa Kasarani, Nairobi

Kaka, neno lililokuponza ni hilo dogo, "tu". Tulikuwa, tukarekebisha, tukaona. Ni adabu yetu, mtu mstaarabu hajisifii, hata shamba ulime peke yako unasema tumelima, na kwenye timu ya kweli ni tabia nzuri sana naomba usiiache. Ila msaili wa Amazon akisikia "tulirekebisha" anabaki anajiuliza alirekebisha huyu au alikuwa amekaa pembeni ananywa chai, na hawezi kukuandikia kitu ambacho hukukisema.

Amazon wana misingi yao ya uongozi, tangu 2021 imekuwa 16, na kila msaili kati ya wale wanne watano anapewa misingi miwili mitatu ya kukupima nayo. Mmoja wao anatoka timu nyingine kabisa, wanamwita bar raiser, kazi yake ni kuangalia kwamba unaongeza kiwango cha walioko, na akisema hapana huwa ni hapana hata kama meneja anakutaka. Yule siyo wa timu hiyo, hana haraka ya kujaza nafasi, kwa hiyo atakuchimba. Kwa nini ulichagua hivyo? Nani alipinga? Ulijuaje imefaulu?

Nilimwandikia Dev nikamwomba anisimulie upya, kwa nafsi ya kwanza, na namba. Alichonirudishia ni hiki, nimekifupisha kwa ruhusa yake: "Wateja walilalamika ripoti ya mwisho wa mwezi inachukua sekunde 40. Meneja alitaka tununue seva kubwa. Mimi nikaomba siku mbili, nikapima nikakuta karibu muda wote unaishia kwenye ombi moja la databesi linalosoma jedwali zima kwa sababu safu ya tarehe haikuwa na indeksi, yaani faharasa ya kuitafutia haraka. Nikaongeza indeksi, nikaijaribu kwanza kwenye nakala ya data usiku, ikashuka mpaka sekunde mbili. Seva haikununuliwa. Kosa langu ni kwamba sikuangalia kwamba indeksi itachelewesha uandishi wa data asubuhi, nikagundua siku ya tatu nikairekebisha."

Ni kazi ile ile! Mtu yule yule! Ila sasa naona alisimama mbele ya meneja akasema subiri, naona alipima kabla ya kugusa, naona pesa iliyookolewa, na naona anakiri kosa bila kulazimishwa. Hicho cha mwisho wengi wanakificha na ndo kinachonishawishi zaidi. Andika hadithi kama nane za hivi kwenye daftari kabla ya kurudi, kila moja uweze kuisema kwa dakika mbili tatu, na ziwe na kufeli ndani yake. Ukiona kusema "mimi" kunakukwaza, taja wenzako kwa kazi zao, "mwenzangu alishughulikia upande wa simu, mimi nikachukua databesi", hapo umesema kweli na hujamnyang'anya mtu.

Dada, nimepata imeili ya ofa kutoka kampuni kubwa ya Marekani, kazi ya mbali, mshahara mzuri mno, usaili ulikuwa wa kuandikiana tu kwenye WhatsApp. Wanataka dola 180 za laptopu na vipimo vya afya, watanirudishia mshahara wa kwanza. Nitume? – Kampala

Usitume. Ni wezi. Hakuna kampuni hata moja kati ya hizi inayomtoza mtu hela ya usaili, ya laptopu wala ya viza, na hakuna inayoajiri mhandisi bila kumwona akiandika programu. Angalia anwani ya imeili baada ya ile alama ya @, halafu tafuta hiyo nafasi kwenye ukurasa wa ajira wa kampuni yenyewe. Na kama ulishawatumia picha ya pasipoti, toa taarifa polisi leo, siyo kesho.

Wanangu wananisomea safu yako. Mwanangu wa tatu yuko Seattle, alisoma huko akaajiriwa na kampuni kubwa ya kompyuta. Mtaani wananiambia hizo kampuni zinafukuza watu maelfu. Halafu anasema sehemu ya mshahara wake ni hisa ambazo hazijawa zake bado, sasa mwanangu mimi sielewi, mshahara gani ambao si wako? Amenitumia ramani ya nyumba anataka tuanze kujenga. – Mama, Tanga

Shikamoo mama. Nimefurahi sana kupata barua yako, na mwanao kumpelekea mama ramani ni mtoto mwenye heshima.

La kufukuza ni kweli, sitakuficha. Novemba 2022 Meta walipunguza watu 11,000, Januari 2023 Google wakatangaza 12,000, Microsoft 10,000 na Amazon zaidi ya 18,000, na tangu hapo imekuwa ikiendelea kidogo kidogo. Wengi walioondolewa hawakuwa na kosa lolote, wapo waliojua asubuhi baada ya kuona kompyuta ya kazi haifunguki. Kwa mtu mwenye viza ya H-1B, ambayo wahandisi wengi wa kigeni huko wanayo, sheria inampa mpaka siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kubadili hali yake au kuondoka. Ndiyo maana namwomba mwanao, kabla ya tofali la kwanza, aweke benki hela ya kumtosha miezi sita ya kodi na chakula huko huko.

Sasa hisa. Mama, ichukulie kama umepewa minazi ishirini ya tajiri, ila unakabidhiwa kidogo kidogo kwa miaka minne, na ukiondoka mwaka wa pili ile ambayo hujakabidhiwa inabaki kwa mwenyewe. Kampuni nyingi zinagawa robo kila mwaka, Amazon kwa miaka mingi imekuwa ikitoa asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 mwaka wa pili, halafu 40 na 40 miaka miwili ya mwisho, kwa hiyo mtu anaweza kuonekana tajiri kwenye karatasi na mfukoni hana. Bei yake nayo inapanda na kushuka. Mwambie ajenge kwa mshahara unaoingia kila mwezi, na hisa akishakabidhiwa kabisa, akauza, kodi ikakatwa, hiyo ndo ya kuezekea. Msingi na kuta mnaweza kuanza polepole, mradi asikope huko kwa kutegemea hisa za mwaka kesho.

Sista, kwenye usaili wa mtandaoni naweza kufungua AI pembeni inisaidie? Kila mtu anafanya. Na kwani hizi kazi zitakuwepo kweli baada ya miaka mitano? – Mwanza

La kwanza, usifanye, isipokuwa kampuni yenyewe imekwambia ruksa, na siku hizi zipo zinazoruhusu kwenye raundi fulani, uliza. Tunaona mdogo wangu. Macho yanasoma kutoka kushoto kwenda kulia, jibu linakuja limenyooka, nikiuliza "ukibadilisha hapa inakuwaje" mtu anaganda. Mwaka 2025 Sundar Pichai, mkuu wa Google, alisema wanarudisha walau raundi moja ya ana kwa ana kwa sababu hiyo hiyo.

La pili, mwishoni mwa 2024 huyo huyo Pichai alisema zaidi ya robo ya programu mpya ndani ya Google inaandikwa na AI kisha wahandisi wanaipitia na kuikubali. Hayo maneno ya mwisho yasome mara mbili. Kazi yangu mwenyewe imebadilika, naandika kidogo nasoma sana, na asiyejua kusoma programu ya mwenzake akagundua inadanganya wapi ndo ninayemhofia. Jifunze kusoma.

Dada yangu, mimi ndo yule wa Arusha uliyenijibu mwaka juzi, nilipata! Niko Dublin mwezi wa sita sasa. Ila nakwambia ukweli najiona mjinga kila siku. Programu yangu ya kwanza ilirudishwa na maoni 31. Kwenye vikao wenzangu wanaongea tu, mimi nikipata cha kusema mada imeshapita. Na wiki ijayo naanza zamu ya kubeba simu ya dharura, ile inayoita mfumo ukianguka, silali. Naogopa watagundua walikosea kunichukua. – D.

D. mdogo wangu! Nimeruka kwenye kiti niliposoma "nilipata". Hongera sana, na wazazi wape salamu.

Maoni 31 naomba uyafungue tena uyahesabu kwa mafungu. Nina hakika karibu ishirini ni majina ya vitu, nafasi, herufi kubwa na ndogo, mambo ya desturi ya nyumba ambayo hakuna chuo kinafundisha. Labda manane ni "kwa nini umefanya hivi?", ambayo siyo kukuambia umekosea, ni swali, na unaruhusiwa kujibu "kwa sababu hii na hii" na yakabaki ulivyoandika. Yanabaki mawili matatu ya maana, na hayo umepewa shule ya bure. Sehemu hizi hakuna mstari unaoingia bila mtu mwingine kuusoma, hata aliyekaa miaka kumi na tano analetewa maoni, mimi wiki hii nimeletewa kumi na mbili na kijana aliyeanza kazi mwezi wa tatu, na alikuwa sahihi kwenye kumi.

Kujiona mjinga pia kuna sababu ya kawaida kabisa. Google waliwahi kuandika, mwaka 2016, kwamba hazina yao moja ya programu ina mistari kama bilioni mbili. Bilioni! Huko hakuna anayejua kila kitu, kuna wanaojua pa kuuliza tu. Sisi ndo tunapata tabu hapo, kuuliza tunaona ni kujidhalilisha, tunakaa siku tatu tunapambana na kitu ambacho mwenzako angekuonyesha kwa dakika tano. Jiwekee kipimo, ukikwama saa moja, andika umejaribu nini na nini, afu uliza. Kwenye vikao, kama kuongea kunakupita, tuma hoja yako kwa maandishi kabla ya kikao, watakuita wenyewe useme.

Sasa hiyo simu. Mwezi wangu wa nne kazini, kampuni siitaji, niliona sehemu moja seva yetu inasubiri jibu sekunde 30 kabla ya kukata tamaa. Nikaona ni nyingi, nikaweka 3. Mstari mmoja tu. Kilichotokea ni kwamba ile seva ya upande wa pili ilikuwa na kawaida ya kuchukua sekunde nne tano wakati wa pilika, sasa yetu ikawa inakata kabla ya kujibiwa inatuma ombi lile lile tena, na tena, maelfu ya maombi yanajirudia mpaka ile ya upande wa pili ikalala kabisa, na watu huko nje hawawezi kulipia vitu vyao. Saa nane usiku simu ikaita kwa mwenzangu, naye akaniita mimi. Mikono ilikuwa inatetemeka siwezi kuandika nenosiri. Nilikuwa nishaanza kupiga hesabu ya tiketi ya kurudi nyumbani.

Mwenzangu akaniuliza kitu kimoja tu, "umebadilisha nini jana?" Nikasema. Akasema, "rudisha." Nikarudisha, baada ya dakika kumi na moja mfumo ukarudi kufanya kazi. Siku ya pili tukaandika ripoti ya tukio, na kwenye ripoti hizo kwa makampuni mengi jina la mkosaji haliwekwi, maswali ni kwa nini mfumo uliruhusu mstari mmoja kuangusha nyumba, kwa nini mabadiliko yalienda kwa seva zote kwa mpigo badala ya kuanza na chache, kwa nini hakuna kengele iliyolia mapema. Mambo matatu yakarekebishwa. Na ile ripoti niliiandika mimi mwenyewe, mwaka uliofuata meneja wangu akaiambatanisha kwenye maombi yangu ya kupandishwa ngazi.

Kabla ya wiki ijayo mwombe mmoja wa wenzako umfuate kwenye zamu yake hata usiku mmoja, uone anafungua kurasa gani kwanza. Karatasi moja ibandike juu ya meza, iwe na amri ya kurudisha mabadiliko ya mwisho na jina la mtu wa kumwamsha. Simu ikilia usikae peke yako dakika kumi na tano, mwamshe, ndo utaratibu na hakuna atakayekununia. Na ukimaliza hiyo wiki niandikie, nataka kujua iliita mara ngapi.